Nilivyomtoa Nekesa Jikoni

Wanangu, barua yenu nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimecheka pale mlipoandika "gwiji". Gwiji gani? Mtu aliyeigiza katika televisheni ya Uingereza zaidi ya miaka arubaini, na jirani yake wa ukuta mmoja mpaka leo anadhani kazi yake ilikuwa kupaka nyumba rangi? Mie kazi yangu ilikuwa kuwa dereva wa teksi. Kuwa daktari wa zamu anayesema "poleni, tumejitahidi". Kuwa mwenye duka anayeibiwa kabla hadithi haijaanza. Kuwa maiti. Watu wakinikuta sokoni walinikazia macho, wakidhani tulisoma pamoja au niliwahi kuwatibu. Bibi mmoja alipandisha sketi kidogo akanionyesha goti lake, ati bado linamuuma.

Mnasema mmeanza mafunzo ya uigizaji, wengine Riyadh, wengine Jeddah. Kati yenu wamo wajukuu wa watu wetu walioondoka Unguja baada ya Mapinduzi, na wamo waliofika juzi kwa mikataba ya kazi. Mnasema nchi imefunguka, sinema zipo, tamthilia zinatengenezwa, na mnataka niwape ninayoyajua. Nitawapa. Lakini liko jambo moja sijapata kuliandika, nalo limetokea huko huko mliko. Mkishalisoma mtaamua wenyewe kama mafunzo yangu yana faida.

Kwanza viatu. Ukipewa mtu wa kumuigiza, usianze na sauti wala ndevu, anza na viatu vyake. Mtu anayesimama kutwa hukanyaga kwa ukingo wa nje. Mlinzi huvaa viatu vikubwa kwa sababu si vyake, ni vya kazi. Nilikuwa nikifika kwa mtunza mavazi kabla ya wenzangu, nachagua viatu, kisha nazunguka navyo uwanjani nusu saa mpaka miguu inikubali.

Pili, kikombe kitupu huonekana kitupu. Tia maji, ulemewe. Na ukipewa nyama katika tukio la kula, kata kipande kidogo kama cha kumpa paka, maana kila wakirudia kupiga picha lazima ule vile vile. Siku yangu ya kwanza ya kula mbele ya kamera nilijitia ushujaa, nikapakia kijiko cha viazi na soseji nzima. Walirudia mpaka alasiri. Jioni ile sikuweza kufunga mkanda.

Na maiti apumue kwa tumbo la chini, polepole, wala asilale usingizi. Mie nililala. Mpelelezi ananisomea sifa, mjane analia kwa kwikwi, nami nakoroma.

Kazi yenyewe niliingia kwa bahati. Nilikuwa nasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Wakaja watu wa televisheni kupiga picha, na mwigizaji wao kila akipita mlangoni anagonga kizingiti, mgonjwa wa uongo anapiga yowe la kweli. Mwongozaji akaniita: wewe, sukuma. Nikasukuma vizuri sana, na nilipofika mbele ya kamera nikaiamkia. Walicheka, wakarudia. Tangu hapo wakawa wananiita.

Aliyenifundisha hasa ni Bi Hilda, Mwingereza mnene mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye maisha yake yote aliigiza wenye nyumba za kupangisha na mashangazi wakorofi. Aliniambia, "Salum, mtu mdogo hajijui kuwa ni mdogo. Yule dereva wa teksi kwake ni baba. Ana haraka zake." Na akaniambia, "Ukiwa na sentensi moja tu, usiiseme kama mtu aliyeingoja wiki nzima." Hiyo ya pili ilinishinda mpaka nastaafu. Kila nikitazama kazi zangu namuona Salum amesimama nyuma ya dereva wa teksi, anangoja zamu yake ya kusema.

Kitu kimoja nilikiweza kuliko wote: kutulia. Kusimama nyuma ya watu wakubwa, uso umezimwa, mtazamaji asinione mpaka nitakapohitajika. Waongozaji walinipenda kwa hilo.

Basi nilipofika miaka sabini simu zimeshaanza kuadimika, nikapigiwa kuwa kuna kazi Riyadh. Tamthilia kubwa, vipindi vingi, waigizaji wa kutoka kila pembe. Mie niwe mzee wa nyumba ya tajiri, mtumishi aliyekula chumvi nyingi. Nikasema sawa. Kusema kweli nilifurahi. Jeddah nilikuwa na binamu yangu, Bi Zuwena, tuliyeachana naye wadogo: wao walikimbilia Hijazi, mie mjomba akanichukua Uingereza. Nilisema nitafanya kazi, nitafanya umra, nitamuona Zuwena.

Riyadh nilikuta mambo mapya. Msaidizi wa mwongozaji alikuwa msichana wa Kisaudi, Rima, kazi yake ya kwanza. Huja akiendesha gari lake mwenyewe, anashuka na makaratasi chini ya kwapa, anafoka "yalla, yalla" mpaka wanaume wazima wanakimbia. Dereva wetu alikuwa Mkenya, Mwangi, mtu wa kiasi, aliyekaa kule miaka mingi. Ndiye aliyekuwa ananipeleka Manfuha siku za mapumziko. Nilikwenda kutafuta viatu vya yule mtumishi nitakayemuigiza. Manfuha, kama hamjaijua, ni mtaa wa nyumba kuukuu kusini mwa mji, wamejaa watu wetu wa Afrika, wenye makaratasi na wasio nayo. Nilipata ndara za ngozi zilizolika kisigino kimoja. Nilifurahi kama mtoto.

Chakula chetu cha mchana kililetwa na mama mmoja wa Manfuha pamoja na wasichana wake wa kupakua. Mmoja wa wasichana hao ndiye Nekesa. Alikuwa wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kutoka Bungoma, Kenya.

Siku moja nilipita nyuma ya hema la chakula nikasikia wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nikachungulia. Nekesa alikuwa anamuigiza madam wake wa zamani. Madam amekaa kochini, gilasi ya maji iko miguuni pake, naye anamwita mtumishi ashuke kutoka ghorofa ya juu aje ampe. Hakuongeza sauti wala hakukunja uso. Alinyoosha vidole viwili tu, bila kuangalia, kama mtu ambaye hajapata kufikiri kuwa gilasi huweza kuokotwa. Kisha akageuka akawa yeye mwenyewe, mtumishi, anashuka ngazi. Pale hapakuwa na ngazi, wanangu. Mie nilizihesabu.

Nilirudi kwenye kiti changu nimevurugika. Kitu nilichokitafuta miaka arubaini alikuwa nacho msichana wa kupakua wali.

Wiki ile ile mwigizaji aliyekuwa awe mpishi wa nyumba hakutokea. Rima anazunguka ameshika kichwa. Nikamwambia, "Mpishi yuko hapo jikoni."

"Nani?"

"Nekesa. Mjaribu."

"Ana ikama? Ana kibali cha kuishi hapa?"

Nikamjibu pale pale, "Karatasi zake zinakuja. Ni mtu wangu."

Nilisema uongo. Nilikuwa sijamuuliza hata Nekesa mwenyewe. Nilipokwenda kumwambia aliweka upawa chini.

"Mzee, mimi sina ikama," alisema. "Nilitoka kwa yule madam mbio. Pasi yangu iko kwake. Kafili, yule mdhamini wangu, ameshaandikisha ati nimetoroka. Mimi nikionwa tu, nimeisha."

"Ni siku moja. Mlangoni hapaulizwi kitu, tayari unaingia kila siku na masufuria."

"Na hiyo televisheni? Si watu wataniona?"

"Utavaa ushungi. Nani atamjua mpishi?"

Akacheka kidogo. Akaniuliza, "Ni maneno mangapi?"

Yalikuwa maneno machache. Katika hadithi watu wa nyumba wamefarakana, kila mmoja kaenda zake, na mpishi anaingia sebuleni kusema: chakula kiko tayari, lakini hakuna wa kula. Ni hayo tu. Nekesa aliyasema kwa Kiarabu chake cha jikoni huku anafuta meza, na hakuacha kufuta. Hakumtazama mtu. Alipofika neno la mwisho alikuta doa, akalisugua.

 Mwongozaji hakusema "kata" kamera isimame. Yule mwanamke aliendelea kufuta meza.

Walirudia mara moja tu, kwa tahadhari. Kisha mwongozaji akaja akaniambia ataandikiwa tukio jingine, kubwa, la Jeddah, katika nyumba za zamani za mji: mpishi anarudi baada ya miaka, anabisha mlango, anamuulizia mtoto aliyemlea. Mie nilikuwa na kiburi siku ile kama baba wa bibi harusi.

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza, wanangu. Nekesa alikataa. Alisema Riyadh anaijua, njia za kupita anazijua, lakini barabara ya Jeddah ina vizuizi vya askari. Nami nilimwendea siku tatu mfululizo. Nikamwambia ana kipaji ambacho mie nimekifukuza maisha yangu yote sikukipata. Nikamwambia nani atasimamisha basi la waigizaji? Nikamwambia Rima ana barua ya kazi yenye orodha ya majina yetu sote. Nikamwambia Bi Zuwena anamtandikia chumba nyumbani kwake Ghulail, huko Jeddah, atakula pweza, atapumzika. Na nikamwambia la mwisho, ambalo ndilo lililomlainisha: "Nikiwa nawe, huna cha kuogopa."

Mwangi alinivuta pembeni asubuhi ya safari. "Mzee, huyu dada umempangia nini? Kule mbele wanakagua."

"Nitazungumza nao."

"Sawa," alisema. "Wewe ndiye unajua."

Tulikuwa kumi na wawili ndani ya basi dogo. Nekesa alikaa kiti cha mbele yangu, kando ya dirisha. Njia nzima alikuwa anasoma tukio lake kwa sauti ya chini, anabadilisha namna ya kubisha hodi. Mara anabisha kama mgeni, mara kama mtu wa nyumbani. Aligeuka akaniuliza, "Mzee, huyu mama akifika mlangoni, anabisha ama anaingia tu? Si alikuwa anaishi humo?" Nikamwambia hilo ndilo swali. 

Askari walitusimamisha mchana, jua kali, kabla hatujafika Taif. Kijana mmoja akapanda, mpole, akaomba vitambulisho. Mwangi akampa ikama yake na ile barua. Askari akaanza kupita kiti kwa kiti. Mie nilimpa pasi yangu ya Uingereza, akaitazama, akaniamkia kwa heshima, "Karibu, ammi." Akarudi kwa Nekesa, aliyekuwa bado anapekua mkoba wake.

"Ikama?"

Nekesa alisema haiko hapa.

"Kafili wako nani?"

Nekesa akafunga mkoba.

Askari akatutazama sote. Akauliza kwa sauti, si kwa ukali, "Huyu mwanamke yuko na nani?"

Nekesa akageuza kichwa akanitazama. Mara moja tu.

Wanangu, nimelieleza tukio hili kichwani mwangu kwa kila namna. Nimejitetea kuwa Kiarabu changu kilikuwa kibovu. Kilikuwa kinatosha. Ilikuwa kusema "yuko na mie", kushuka naye, kukaa naye kwenye kile kibanda, kupiga simu kwa Rima, kwa ubalozi, kwa yeyote. Huenda isingesaidia kitu. Wala hapana aliyenitisha. Nilikuwa na pasi mkononi, na yule askari alikuwa wa umri wa mjukuu wangu. Lakini niliinamisha macho nikazitazama ndara zangu. Uso wangu ulizimika wenyewe, mabega yakashuka, nikawa mtu aliyekaa nyuma ya tukio la wengine. Miaka arubaini nilikuwa nimejizoeza hivyo, na mwili ulifanya kabla sijauamuru. Hivyo ndivyo ninavyopenda kujisemea. Pengine niliuamuru.

Nekesa aliona. Akageuka kwa askari akasema, "Niko peke yangu."

Akachukua mkoba wake, akashuka. Karatasi za tukio lake alizikunja vizuri akaziacha kitini.

Basi likaondoka. Tukaanza kuteremka mlima. Mwangi akaniangalia kwenye kioo.

"Mzee, hata hukusimama."

"Na wewe je?"

"Mimi watoto watatu wanakula kwa hiyo ikama yangu. Nikiipoteza wanatoka shule kesho." Akabadilisha gia. "Wewe ulikuwa unaogopa nini?"



Ghulail, Bi Zuwena alitupokea mlangoni. Miaka zaidi ya hamsini hatujaonana, mie na yeye, na alilia akanishika uso kwa mikono miwili. Kisha akachungulia nyuma yangu. "Mgeni wangu yuko wapi? Nimemuwekea udi chumbani."

"Hakuja," nilimwambia.

"Masikini. Kaumwa?"

"Kaumwa."

Kesho yake tukio lilipigwa picha. Mwongozaji hakuweza kungoja, nyumba ile ilikodiwa kwa siku mbili. Akayageuza maneno ya Nekesa yawe yangu: mtumishi mzee ndiye anayerudi, ndiye anayebisha, ndiye anayemuulizia mtoto. Ningeweza kukataa. Nilichukua zile karatasi alizozikunja nikazisoma. Nilipiga hodi, nikasema yote, sauti ikanikatika pale pale ilipotakiwa kukatika, na mwongozaji akaja akanikumbatia mbele ya watu. Alisema hajawahi kuona mzee akifanya vile. Watu wakapiga makofi.

Sijaigiza tena baada ya siku ile. Niliwaambia watu ni magoti.

Nilijaribu kumtafuta. Nilirudi Riyadh nikamwendea Rima nikamweleza yote. Akasema kwa Kiingereza chake kizuri, "Uliniambia ni mtu wako. Niliandika jina lake kwenye orodha kwa neno lako." Alikuwa ameshaulizwa maswali na wakubwa zake. Siku chache baadaye hakuja kazini, na gari lake sikuliona tena pale nje. Lakini kabla hajaondoka alinisaidia: aliuliza huku na huku, akaniletea habari kuwa Nekesa amewekwa wanakowekwa wanaongoja kurudishwa makwao, na kwamba hapokei wageni ila jamaa. Akanitazama aliposema "jamaa". Nilipeleka nguo na sabuni kwa mkono wa mtu. Sijui kama zilifika. Tamthilia ilipoonyeshwa, lile tukio la kufuta meza halikuwemo. Hakuwa na karatasi ya idhini, basi wakamkata.

Nilikaa Uingereza mwaka na zaidi, simu nikiitazama. Mwisho nilimwandikia Mwangi nikamuomba anitafutie kwao Nekesa. Alichelewa kunijibu. Alipojibu alitaja mahali tu, hakuweka hata salamu.

Nikaenda. Mwili wangu huu wa mzee nikaupakia ndege mpaka Nairobi, kisha gari mpaka Webuye, kisha pikipiki. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Niliyapanga kama nilivyofundishwa, yawe machache, nisiyaseme kama mtu aliyeyangoja. Nilikusudia kuyasema nimesimama, kabla sijakaribishwa kiti.

Mama yake alikuwa anaanua mahindi. Alinitazama kofia, akanitazama tena, akaangusha ungo. "Ni wewe ule mzee wa sinema? Wa Saudi?"

"Ndiye mie, mama. Nekesa yupo?"

"Alirudi tena Uarabuni, baba. Si Saudi, hiyo ingine. Alienda na pasi ya dada yake, kwa sababu ile yake ilikataliwa." Alikuwa ameshanishika mkono, ananivuta kivulini. "Lakini alisema utakuja. Aliniambia, mama, kuna mzee mmoja alinionea huruma huko, alinitoa jikoni akanifanya mtu. Akikuja siku moja, usimwache aende njaa."

Nikasema, "Mama, kuna jambo..."

"Kaa kwanza! Watu wa mbali hawaongei wakisimama." Akaita majirani waje wanione. Wakaja, wanawake wanne na shemeji yake mmoja, wakanipa mikono. Mama Nekesa akawaambia huyu ndiye aliyeigiza na mtoto wangu. Akaniuliza mbele yao, "Na hiyo picha yake itaonyeshwa lini? Kanisani wananiuliza kila Jumapili."

Nilifungua mdomo. Wote walikuwa wananitazama, wametabasamu.

"Hivi karibuni," nilisema. "Karibuni, inshallah."

Walimkamata kuku uani. Tulikaa mpaka akaiva, nikaulizwa habari za Ulaya, nikajibu. Kwao kuku akichinjwa, firigisi haligawanywi ovyo. Hupewa mwenye nyumba, au mgeni wanayemtukuza, na nyumba ile haikuwa na baba. Mama Nekesa alikuja nalo peke yake katika sahani ndogo, akapiga goti akaniwekea mbele yangu kwa mikono miwili, na wale majirani wakageuka kunitazama.

Nikalila.